Kikapu Kisichotaka Chumvi

"Laki mbili na elfu arobaini, mzee. Sijaja kuomba. Nimekuja kuchukua changu."

Mzee Cleopa alikuwa amejinyoosha kwenye kiti cha uvivu barazani kwake, mguu juu ya mguu, kama mtu ambaye hajawahi kudaiwa tangu azaliwe. Hakupandisha sauti. Na hapo ndipo Costancia alipozidi kuwaka, maana ugomvi wa kunong'ona yeye hauwezi. Kwao Mikumi mtu akikudai, anakudai mpaka abiria wa mabasi wachungulie dirishani.

"Mama Goodhope," mzee akasema, "umepanda mlima wote huu, jua linazama, kuja kunidai kitu nisichokijua?"

"Unakijua."

"Kikapu si changu."

"Pumba zimedondoka toka chanjani mpaka kwenye migomba yako. Nimezifuata kwa miguu yangu hii. Magunia kumi na sita, mzee! Nguruwe huna. Punda huna. Kuku hata wa dawa huna. Pumba zote hizo unamlisha nani?"

Mzee alicheka kidogo, cheko la meno ya mbele tu. Nyumba yake ndiyo pekee Mlengule yenye bati la rangi, na madirisha yote yalikuwa yamefungwa ingawa joto la siku lilikuwa bado ukutani.

"Usikijaze basi, kama kinakuuma."

"Nitaacha kukijaza ukishanilipa."

"Na hiyo chumvi yako," akasema, akitazama kucha zake, "uache kuiweka. Inaharibu."

Costancia alifungua mdomo ajibu. Akaufunga.

Chumvi hakuwa ameitaja.

Sasa, ili mtu aelewe uzito wa neno hilo, lazima aelewe jinsi Mlengule inavyokula. Ni kijiji kilichokatwa. Mwaka wa mvua kubwa maji yalibeba barabara inayotoka njia ya Kilosa, yakabeba na karavati, yakaacha korongo. Tangu hapo wakubwa huja wakati wa kampeni, wanashika kiuno, wanalitazama korongo, wanasikitika, wanarudi zao kula chakula cha mchana. Duka lililokuwapo lilifungwa. Aliyebaki kuwaletea watu wa kule unga wa ngano, mafuta, sabuni, kiberiti na sukari ni Costancia peke yake, mwanamke aliyeishia darasa la nne, akajifundisha biashara kwa kuibiwa.

Kila Alhamisi alipakia toyo lake, pikipiki la magurudumu matatu, toka Mikumi hadi korongoni. Pale alimkuta Namunyak na punda wake. Namunyak, ambaye Costancia alimwita yeyo, yaani mama kwa Kimasai, alikuwa mke wa Lenku, mfugaji aliyehamia bondeni na ng'ombe wake, na punda wa boma lao walikuwa mali yake yeye mke. Mzigo ulipanda kwa punda mpaka mahali njia inapoingia kijijini, na hapo palikuwa na chanja, miti mirefu imefungwa kwa kamba kama ya kukaushia vyombo. Kila kaya ilitundika kikapu chake asubuhi kabla ya kwenda shamba. Mtandao haufiki, na wengi kalamu hawapatani nayo, basi ndani ya kikapu uliweka alama ya unachotaka. Chupa tupu ni mafuta. Njiti iliyoungua ni kiberiti. Kipande cha karatasi ya sabuni, sabuni. Mwenye hela alizifunga kwenye kitambaa humo humo, na asiyekuwa nazo alilipa baada ya mavuno. Hakuna aliyewahi kumdhulumu Costancia pale chanjani, naye hakuwahi kupunja mtu kibaba. Na kila kikapu, kikubwa kwa kidogo, alikitia nyongeza yake: chumvi, fungu moja, limefungwa kwenye gazeti.

Kilimo kilipoanza, kikatokea kikapu kipya. Kipya kwa kuonekana tu, maana chenyewe kilikuwa kikuukuu, ukindu umekuwa mweusi kwa masizi. Kilitundikwa mwisho kabisa, mbali na vingine. Ndani, kiganja cha pumba. Basi. Pumba tupu.

Costancia hakuuliza ni cha nani. Kosa lake lilikuwa hilo, na ni kosa la mtu aliyezoea watu waaminifu: kikapu kikitundikwa, kinajazwa. Alileta gunia la pumba toka mashineni, akalisimamisha chini yake, akatia na fungu la chumvi. Alhamisi iliyofuata gunia halikuwapo. Fungu la chumvi lilikuwa chini, kwenye vumbi, halijafunguliwa. Punda wa Namunyak, ambao kwa chumvi wangelamba hata jasho la mtu shingoni, walilinusa... wakarudi nyuma.

Ikawa hivyo kila wiki. Pumba zinaenda, chumvi inatupwa. Mavuno yakaja, vikapu vyote vikalipa, kile hakikulipa. Na hela za mtaji hazikuwa zake. Zilikuwa za kikoba, akina mama wa sokoni Mikumi, na mwisho wa mwezi walikuwa wanamngojea. Asiporudisha, toyo linakwenda. Toyo likienda, Mlengule ilambe majani.

Kwa hiyo chumvi hakuwa ameitaja barazani pale. Kwa alivyodhani, waliojua habari ya chumvi ya kikapu kile ni yeye, Namunyak, na yule aliyekuwa akiitupa.

"Nimekusikia, mzee," Costancia alisema. "Kikapu si chako, lakini chumvi yake unaijua. Haya. Alhamisi nakuja tena."

"Njoo," mzee akamwambia kwa upole. "Wanaokuja huku kwa hasira huwa wanafaa sana kwa kazi."

*

Namunyak alikuwa anamngoja penye migomba na punda watatu. Kiza kilikuwa kinaingia kwa mafungu.

"Amelipa?"

"Amelipa nini! Anatazama kucha zake. Twende, yeyo, kabla sijarudi kumtia kiti kichwani."

Njia ya kushuka ilipita ubavuni mwa shamba la mzee Cleopa. Shamba lililowashangaza wote. Matuta yake yamenyooka kama yamepigwa rula, hekari kwa hekari mpaka mlimani, na hakuna aliyewahi kuona kibarua mmoja akiingia mle. Mchana lilikuwa tupu. Asubuhi limelimwa.

Punda wa mbele alisimama.

Wa pili akasimama.

Namunyak alimgusa fimbo, akamwita kwa Kimasai, akamsukuma kwa bega. Punda alikuwa amekita miguu, masikio yamelala.

"Mama Goodhope," Namunyak akanong'ona. "Sikiliza."

Kwa... kwa... kwa...

Majembe. Majembe mengi yakiingia ardhini kwa pamoja. Costancia amekulia kwenye kilimo, anajua sauti ya watu wanaolima pamoja. Kuna anayeimba, kuna anayetukana jua, kuna anayekohoa, kuna mwenye mzaha wa kuwachekesha wengine. Pale hapakuwa na sauti ya kinywa hata moja.

Kwa... kwa... kwa...

Na harufu. Pumba zilizochacha, na udongo. Siyo udongo wa shamba. Ule udongo wa chini, wa baridi, unaousikia unaposimama ukingoni mwa kaburi kabla halijafukiwa.

"Tusipite hapa," Namunyak alisema.

"Ni vibarua wake wanalima jioni kukwepa jua."

"Vibarua gani hawawashi hata sigara?"

Costancia alisogeza jani la mgomba. Akaona migongo. Imeinama kwa safu, myeupe kwa vumbi, majembe yanapanda pamoja, yanashuka pamoja. Yalipofika mwisho wa tuta yote yalisimama, na migongo ikanyooka kugeuka. Uso mmoja ukamwelekea, karibu, kama hatua za kuku.

Mwanvua.

Mwanvua mwenye mwanya, aliyeolewa huko juu kutoka Kilosa mjini. Mwanvua ambaye kikapu chake kilikuwa na uzi mwekundu, na ambaye kila Alhamisi alikuwa akiacha shamba makusudi aje amgombeze Costancia, "Nyongeza gani hii, unampa sisimizi? Ongeza!" Masika walimzika. Costancia mwenyewe ndiye aliyeleta sukari na mchele wa matanga, na kwa kuwa alikuwa Mwanvua, hakudai hata senti.

Midomo yake ilikuwa na pumba zilizokauka. Macho yalimpita Costancia kama yanavyopita nguzo.

Akageuka. Akainama.

Kwa... kwa... kwa...

Hawakumbuki walivyoshuka. Wanakumbuka punda walitangulia wenyewe, bila fimbo. Walipofika korongoni, Costancia alishika usukani wa toyo bila kuliwasha.

"Niliuosha," alisema mwisho. "Ule mwili. Nilikuwa miongoni mwa waliouosha, yeyo."

"Wanasema mnachoosha ni mgomba. Macho yenu yanafumbwa."

"Nani wanasema?"

"Wote. Kijiji kizima wanasema."

"Na wanakaa kimya?"

Namunyak alimfuta punda wake jasho kwa ncha ya shuka.

*

Watu wa Mikumi walioona alivyorudi walitarajia asipande tena. Kwa siku mbili hata yeye alitarajia hivyo. Alilala na taa. Akila ugali, anaona midomo ya Mwanvua. Lakini siku ya tatu, akipima chumvi dukani, hasira ilimrudia, na ilirudi imenenepa. Woga wake ulikuwa wa kawaida, kama wa mtu yeyote. Hasira yake ndiyo haikuwa ya kawaida.

"Yaani," alimwambia ukuta, "mimi nimenunua pumba kwa hela za wajane wa kikoba, ili yule mzee alishie wateja wangu? Wateja *wangu*?"

Alhamisi asubuhi chanjani, kikapu cheusi kilikuwa pale pale, na kiganja chake cha pumba. Bibiana alikuwa anatundika chake. Bibiana alikuwa mama wa makamo, jirani wa marehemu Mwanvua, mtu wa kwaya, hana neno na mtu. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akajifanya anafunga kamba ya kikapu.

"Umewaona," alinong'ona. "Unaonekana usoni."

"Nimewaona."

"Misukule hawapewi chumvi. Akiionja... anakumbuka alikuwa nani. Ndiyo maana mzee anaitupa. Hata mboga zao haziguswi na chumvi." Akakaza kamba. "Sikukwambia mimi."

"Kwa nini ninyi hamkuwapa?"

"Tungewapa vipi? Anazionja kwanza mwenyewe juu juu, kiganja kimoja. Na anayejaribu, msimu unaofuata naye analima." Akachukua jembe lake, akaondoka haraka, bila kuaga.

Costancia alibaki ameshika kiuno. Kisha akaanza kucheka, kicheko kidogo kibaya.

"Anaonja ya juu," alisema. "Namunyak! Nishikie gunia."

Walilimwaga lote kwenye turubai la punda. Kilo kwa kilo, wakatia chumvi yote ya nyongeza, chumvi ya kuuza, chumvi ya jiwe ambayo Namunyak alikuwa akiwapelekea ng'ombe wa Lenku. Wakachanganya kwa mikono mpaka viganja vikawasha. Wakajaza gunia, na juu kabisa Costancia akatandaza pumba safi, unene wa kiganja, kama mama anavyotandaza kitambaa juu ya chapati. Akaweka na fungu lake la gazeti kikapuni, kama kawaida, ili mzee apate cha kutupa.

"Lenku ataniuliza chumvi ya ng'ombe iko wapi," Namunyak alisema.

"Mwambie nadaiwa mimi."

"Sasa na wewe unadaiwa na kila mtu."

"Ndiyo maana lazima nilipwe."

Wakagawa vikapu vingine, wakateremsha punda, wakawafunga mbali. Wenyewe wakarudi kujificha nyuma ya kichaka cha michongoma, karibu na chanja. Jua likaenda. Ndege wakanyamaza mmoja mmoja. Kilichobaki ni sauti ya chanja yenyewe, kamba zikikwaruza miti... kwaru... kwaru... ingawa upepo hapakuwa.

Alikuja mwenyewe.

Mzee Cleopa, ambaye kijijini hata mwamvuli hubebewa, alikuja bila viatu, shati kifuani wazi. Alitembea bila kutoa sauti yoyote. Alichukua fungu la gazeti kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika panya aliyekufa, akalitupa. Akafungua gunia. Akachota. Akaonja.

Costancia aliacha kupumua.

Mzee alitafuna taratibu. Akatema. Akaridhika. Akaliinua gunia zima kwa mkono mmoja, akaliweka kichwani kama kapelo, akaanza kwenda.

"Kumbe kikapu si chako, ee?" Costancia alikuwa amekwisha kuinuka nusu, mdomo wazi, akitaka kupiga kelele. Sauti haikutoka. Kiganja cha Namunyak kilikuwa kimemziba mdomo, na mkono wa pili umemkandamiza chini kama ndama anayechanjwa.

"Kelele zako," Namunyak alimwambia sikioni, "zihifadhi. Zitahitajika."

*

Walisubiri penye migomba. Kiza kilikuwa kimejaa sasa, mwezi mwembamba umekaa juu ya mlima. Walisikia gunia likimwagwa kwenye kitu cha bati. Walisikia kulamba. Namna ya kulamba ambayo Costancia hajaielezea kwa mtu, na hataielezea. Kisha mzee akapiga kofi moja, mlango wa nyumba ukafungwa, na majembe yakaanza.

Kwa... kwa... kwa...

Kwa... kwa...

Kwa...

Jembe moja likachelewa. Lingine likaanguka.

Kimya.

Halafu, katikati ya shamba, mtu akakohoa.

Kikohozi cha mtu aliyelala usingizi mrefu. Akakohoa mwingine. Wa tatu akapiga chafya, na kutoka mahali fulani gizani sauti nzito ya mwanamume ikasema, kama anayeuliza nyumbani kwake, "Maji yako wapi? Nani kamaliza maji?"

Namunyak alianza kusali, kwa lugha yake, kwa jina la kila aliyemjua.

Walikuja kupitia migomba. Safu moja. Miguu ikiburuza majani makavu. Harufu ile ya udongo ilitangulia, ikawafunika, mpaka Costancia akahisi baridi ya shimo kwenye magoti. Safu ikasimama mbele yake, na wa kwanza akainua uso, taratibu, na macho yake, yale yaliyompita kama nguzo, yakamkamata.

"Mama Goodhope," Mwanvua alisema. Ulimi ulikuwa mzito, unajifunza upya. "Leo... umeongeza."

Costancia alilia. Alilia kwa sauti, bila aibu, huku anafungua dumu la maji la Namunyak, huku anawanywesha mmoja baada ya mwingine kwa kikombe cha bati. Mikono iliyopokea kikombe ilikuwa baridi na mizito, viganja vigumu kama gome. Wengine aliwajua. Wengine walikuwa wa kabla yake, nguo zao za mitindo ya zamani. Kijana mmoja aliuliza kama mama yake amevuna. Mwanamume wa sauti nzito aliuliza kama karavati limetengenezwa.

"Bado," Costancia alimjibu.

"Hata sasa?" Akatikisa kichwa. Katika yote, hilo ndilo lililomshangaza.

"Mmelima mle muda wote huo," Costancia alisema. "Mmelipwa?"

Wakatazamana. Safu nzima. Neno lenyewe lilikuwa kama kitu walichokidondosha njiani.

"Tulipwe..." Mwanvua alirudia.

"Kibarua kinalipwa. Tuta kwa tuta. Hapa duniani hakuna kazi ya bure, na huko mlikokuwa sijui kama ipo." Alijifuta kamasi kwa kanga. "Mimi ananidai... mimi namdai laki mbili na elfu arobaini. Naenda kuchukua. Anayetaka changu na chake viende pamoja, anifuate."

"Punda wangu hawapandi tena," Namunyak alisema.

"Baki nao."

Namunyak alitema mate pembeni, akashika fimbo yake. "Nikifa, Lenku atakudai ng'ombe, si chumvi."

Wakapanda. Mbele Costancia, kando yake Namunyak, nyuma yao miguu ile, sasa haikuwa inaburuza. Ilikuwa inakanyaga. Milango ya Mlengule ilifunguka kidogo njiani, jicho moja, jicho lingine. Mtu alisema "Yesu wangu." Mtu aliita jina, mara moja, kwa sauti iliyopasuka, na kijana mmoja kwenye safu akageuza kichwa, lakini hakutoka kwenye mstari. Hakuwa amemaliza shughuli.

Barazani kwa mzee Cleopa taa ilikuwa inawaka. Walipoingia uani, ikazimwa.

Costancia aligeuka kuwapanga watu wake, na ndipo alipoona kwamba mwishoni mwa safu kuna mwingine ambaye hakumnywesha maji. Mwanvua alikuwa amemshika mkono, anamwongoza kama kipofu. Amevaa kanga ya kwaya. Macho yamefumbwa. Mkononi ana jembe jipya, mpini bado mweupe.

Bibiana.

Bibiana hajafa. Bibiana hajazikwa. Asubuhi ile ile alikuwa anafunga kikapu chanjani, anatazama kushoto na kulia.

"Tumemkuta kwenye tuta la mwisho," Mwanvua alisema. "Alikuwa amekaa tu. Tulidhani ni wa kwako."

Costancia alimgusa shavu. Lilikuwa na joto. Alimwita jina lake, mara mbili. Kope zilicheza, hazikufunguka. Alikumbuka chumvi, akapapasa mfukoni, mfuko ulikuwa mtupu. Yote ilikuwa imeingia guniani.

Ndani ya nyumba kitu kizito kilisogezwa kuegemea mlango. Kisha sauti ya mzee Cleopa ikatoka kwenye tundu la ufunguo, karibu sana, tulivu kama ilivyokuwa siku zote.

"Mama Goodhope. Wanakufuata kwa sababu wana kiu. Chumvi ikiwatoka mwilini, je? Utawafanya nini?"

Hilo hakulijua. Hata leo hajalijua. Nyuma yake watu wote wale walikuwa wametulia, hawapumui kwa nguvu, hawahemi kwa mlima waliopanda. Wanamngoja yeye tu.

Shikamoo hakumpa. Aliuinua mguu, akaupiga mlango teke mpaka bati la rangi likatikisika juu.

"Hayo mimi na wao tutajuana," alisema. "Wewe nakudai laki mbili na elfu arobaini. Hawa wanakudai kila tuta walilolima. Na Bibiana mrudishe sasa hivi, akiwa anajijua. Fungua mlango, Cleopa. Lipa."